Kitambaa Juu ya Kitambaa

Mume wangu anavisha magari nguo. Ndivyo anavyojitambulisha kwa watu. Mimi ambaye nimekaa kwenye cherehani nyuma yake tangu tulipooana ningesema anavisha magari nguo juu ya nguo, lakini mimi haniulizi mtu.

Wanamwita Kiwandani. Jina hilo amejitafutia mwenyewe. Kila anapomaliza kazi hurudi nyuma kidogo, akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha akamwambia mwenye gari, "Hapo ni kama limetoka kiwandani leo." Amewahi kulisema hilo kuhusu gari ambalo kitambaa cha mlango kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na mwenye gari akakubali. Watu wanapenda kudanganywa kwa sauti nzuri, na sauti ya mume wangu ni nzuri, hilo simnyimi.

Kwa asiyejua, kazi ya mlango iko hivi. Ndani ya mlango wa gari kuna ubao mwembamba, juu ya ubao kuna sponji, na juu ya sponji kuna kitambaa. Kitambaa huchakaa, maana watu huegemeza viwiko, hufutia mikono yenye mafuta, na watoto hupiga mateke. Basi fundi analegeza skrubu, anang'oa vibanio vya plastiki kimoja kimoja visivunjike, anautoa ule ubao na kuulaza mezani. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: kubandua kitambaa cha zamani na kukwangua sponji iliyooza. Sponji ikizeeka si sponji tena. Inakuwa unga unaonata, mara nyingi wa manjano, unaingia kwenye kucha, puani, kwenye nyusi, na unawasha hata ukishaoga. Unaukwangua wote, unapiga msasa, unafuta vumbi, unapaka gundi ubao mzima na kitambaa kizima, unasubiri, ndipo unabandika ukianzia katikati kwenda pembeni. Kazi ya mlango ni kukwangua. Kubandika hata mwendawazimu anabandika.

Mume wangu ni bingwa wa kubandika.

Na ana nadharia yake. Anasema kitambaa cha zamani ndio msingi, na ni mjenzi gani anayebomoa msingi ulio imara? Ukimwambia msingi wenyewe ni unga, anasema wewe shona. Gundi nayo anaipaka pembeni tu, kuzunguka ukingo, kama mtu anayefunga bahasha. Katikati hapagusi. Eti gundi nyingi inakausha kitambaa. Gari likitoka kwake linapendeza kweli, na linaendelea kupendeza mpaka jua kali la kwanza. Baada ya hapo milango inaanza kupumua. Mwenye gari akirudi kulalamika, Kiwandani anamshika bega, anampeleka kivulini, anamweleza kuhusu hali ya hewa.

Ufundi huu aliusomea kwa mzee mmoja wa makochi ambaye alimweka kwenye kubandua viti vikuukuu ili ajue kiti kinavyoumwa kabla hajakitibu. Alikaa huko mpaka mikono ikaanza kumwasha, akatoroka. Alichojifunza ni kwamba kubandua hakupendi, na elimu hiyo ameitunza vizuri kuliko zote.

Alipokuja kwetu kunichumbia alikuja na koti. Siku ile joto lilikuwa la kuchemsha maji, baba akamwambia, "Vua koti, mwanangu, hapa ni nyumbani." Akakataa kwa adabu. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola, akazidi kukataa, akazidi kutabasamu, akasifu nyumba, akasifu chai. Alipoondoka baba alisema neno moja tu: "Koti lake limeshonwa vizuri. Uliza shati." Sikuuliza. Nilikuja kulifua mwenyewe baada ya ndoa, na lilikuwa na mbele na kola. Mgongo halikuwa nao.

Ndivyo alivyo mpaka leo. Ukuta wa chumba chetu ulipoanza kutoa unyevunyevu, hakumwita mtu wa bomba, alitundika kalenda. Unyevu ukapanuka, akatafuta kalenda kubwa zaidi. Sasa tuna kalenda tatu ukutani, mbili za miaka iliyopita, na ukitaka kujua tarehe unamuuliza jirani. Sakafu ilipopasuka alitandika zulia la plastiki, lilipochanika akatandika jingine juu yake, na jingine, mpaka mlango ukakataa kufunguka. Unadhani alibandua? Alipunguza mlango kwa randa. Hata jino lilipomvimbisha shavu alifuga ndevu. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Kwangu mwanaharamu alishapita zamani na kombe bado limefunikwa.

Nisimalize maneno yote kwake. Kuna kisa cha gari la baba.

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa mita za maji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaa kutwa, na aliifanya akiwa kwenye gari lake dogo, kioo kimeshushwa, kiwiko kimeegemea mlango, mvua au jua. Kiwiko hicho kilikula kitambaa. Kwanza palififia, kisha pakang'aa, kisha pakatoboka. Nilipokuwa msichana mdogo nilipaziba kwa sindano na uzi mwekundu, maana nyumbani siku ile hapakuwa na uzi mwingine. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha rangi ya majivu, kwa hiyo mshono wangu ulionekana kama jeraha. Ulikuwa mshono wangu wa kwanza maishani na ulikwenda upogo. Baba aliutazama kwa muda mrefu, akasema gari sasa lina fundi wake. Hakuruhusu mtu mwingine aguse mlango ule, na alipopata mkwe fundi wa milango, alimkataza waziwazi mbele yetu sote. Mume wangu alicheka akidhani ni utani.

Baba alipofariki, gari lilibaki limesimama uani. Mama hajui kuendesha. Lakini kila asubuhi alikuwa anachukua kikombe chake cha chai, anavuka ua, anaingia upande wa dereva, anafunga mlango, anakunywa chai yake humo. Akimaliza anatoka, anaosha kikombe, anaendelea na siku yake. Sisi watoto tulidhani anakimbia kelele za majirani. Hakuna aliyemuuliza.

Aliyekerwa ni kaka. Huyu ndiye mkubwa wetu, anafanya kazi kwenye ofisi yenye milango ya kioo, na anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kaka ni mtu wa kununua dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Alisema mama anakaa kwenye gari bovu kama kuku anayetaga, watu wanaona, ni aibu. Akaamua kumfurahisha. Gari litengenezwe, liwe jipya, aajiriwe dereva, mama apelekwe matembezi. Akaagiza kitambaa cha kung'aa rangi ya maziwa, kinachofanana na ngozi. Akangoja mpaka mama alipokwenda kumtembelea mama mdogo, akalileta gari kwenye banda letu.

Ilikuwa kazi ya milango minne na mimi nilimjua niliyeolewa naye. Nilizima cherehani, nikamwita mume wangu, nikamwambia milango ya watu afanye atakavyo, lakini hili ni gari la baba. Hili atabandua. Atakwangua mpaka ubao uonekane, na gundi ataipaka kote. Kwa akili yangu, kazi safi ndiyo ilikuwa heshima ya marehemu, na katazo lake nilidhani limezikwa naye. Aliweka mkono kifuani. Kiwandani akiweka mkono kifuani hata nzi hutulia kumsikiliza. Alisema, "Mke wangu, mzee yule alikuwa baba yangu pia. Nitakwangua kwa kucha zangu." Kisha akakumbuka kwamba kuna mteja upande wa pili wa mji anasubiri mito ya viti, na kwamba ni vizuri niipeleke mimi mwenyewe.

Niliporudi jioni milango yote ilikuwa tayari. Na yeye mwenyewe alikuwa wa manjano: unga wa sponji kwenye nywele, kwenye nyusi, mabegani, hadi ndani ya masikio. Alikuwa anajikuna na kukohoa. Nilimhurumia, jamani. Nilimchemshia maji ya kuoga, nikamsugua mgongo, na nikajisemea moyoni kwamba labda kifo cha baba kimemfunza mwanamume huyu jambo.

Mama alirudi kesho yake. Kaka alimfungulia mlango wa dereva kama mhudumu wa hoteli. Mume wangu alirudi nyuma kidogo, akafuta mikono kwenye suruali, akasema maneno yake yale ya kiwandani. Mama aliingia akiwa anatabasamu, maana amelelewa vizuri. Akakaa. Kiwiko chake kikaenda mlangoni chenyewe, kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena. Akapapasa kitambaa kile kwa kiganja, juu na chini, juu na chini, na lile tabasamu likawa bado lipo usoni ila halina mwenyewe.

"Mmemtoa," alisema.

Akashuka, akaenda chumbani kwake.

Tangu siku hiyo hakuvuka ua. Kikombe chake kilibaki kimepinduliwa kwenye kabati. Chakula alikula kwa kuturidhisha, vijiko vitatu vinne, kisha anashukuru na kusogeza sahani. Alikuwa hagombi na halii, na ingekuwa afadhali agombe. Nilikwenda nikaketi kitandani kwake, nikamwomba aniambie. Alisema pale mlangoni palikuwa na kishimo cha kiwiko cha baba. Akiweka chake kinaingia kabisa, na ule uzi wangu mwekundu unamkwaruza kidogo. Alipokuwa amekaa pale alikuwa anajua marehemu alikuwa mrefu kiasi gani, alivyokuwa akikaa, alivyokuwa akiegemea. "Sasa ni gari la watu," alisema. "Silijui."

Nilitoka mle chumbani nikiwa nimeshika ukuta. Baba tulishamzika, na sasa mama alikuwa anamfuata polepole, kijiko kwa kijiko.

Kaka alisema atazoea. Alipoona hazoei, alikuja na dawa ya pili: gari liuzwe, kwa kuwa sasa linapendeza, na mama ahame akakae kwake ambako hakuna kumbukumbu. Akamuuliza mama, mama akasema, "Liuzeni tu." Kaka akalichukua hilo kuwa ni ridhaa. Ndiyo maana nasema ile miwani haivui hata ndani ya nyumba. Akapata mtu wa kuja kulitazama mwisho wa juma.

Mimi nilikuwa na wazo moja. Kitambaa kile cha mlango wa dereva, kile chenye uzi mwekundu, lazima kiko mahali. Hata kama kimechanika, ningekisafisha, ningekishonea juu ya kile cha kung'aa, kaka apende asipende. Nikamuuliza mume wangu alikitupa wapi. Akasema nyuma ya banda, kwenye lundo. Nikamuuliza kama kimeshachomwa. Akasema hakumbuki. Nikamuuliza ni upande gani wa lundo. Akasema upande ule wa, ah, ule.

Basi nikapandisha nguo, nikaingia kwenye lundo. Nani asiyejua takataka za fundi wa viti? Ni vipande vya turubai, sponji zilizolowa mvua, mikanda, misumari midogo, makopo ya gundi, na panya wenye familia. Nilichambua kwa mikono. Nilichimba mpaka nikafika kwenye takataka za misimu iliyopita, nikakuta kitambaa cha basi la shule, nikakuta mkasi wangu uliopotea. Kiwandani alikuwa amesimama kwenye kona ya banda ananitazama. Mara asogee, mara arudi. Aliniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nikamwambia nataka msaada. Akaingia akainua kipande kimoja kwa vidole viwili, akakiweka chini, akasema hiki sicho.

Nilikaa juu ya kopo la gundi kupumzika, na hapo ndipo akili ikanirudia. Hapakuwa na kitambaa hata kimoja cha rangi ya majivu. Si cha mlango wa dereva tu. Milango minne! Vitambaa vya milango minne haviyeyuki kama sukari. Na sponji je? Sponji ya gari la baba ilikuwa ya kijivu. Niliiona tangu utotoni ikichungulia kwenye lile tundu. Mume wangu siku ile alikuwa wa manjano. Nikageuka nikalitazama gunia la sponji mbovu lililokuwa mlangoni pa banda, lililotoka kwenye viti vya basi, la manjano tupu, mdomo wazi. Mwanamume mzima alikuwa amejipaka unga kama mcheza maigizo, na mimi nikamsugua mgongo.

"Hukubandua," nilisema.

Akatazama viatu vyake.

"Umenitazama nachimba takataka kwa mikono, na unajua hukubandua."

"Nilikuwa natafuta namna ya kuanza kukwambia," alisema. Sauti ile nzuri ilikuwa imekwenda wapi sijui.

Sitaandika niliyomwambia. Majirani waliyasikia, yatosha. Nilitaka kumpiga kwa lile kopo, na wakati uleule nilitaka kucheka, kwa sababu kama hakubandua, basi kiko. Na kama gundi alipaka kama anavyopaka siku zote, pembeni tu kama bahasha, basi pale katikati, pale pa kiwiko, hapakuguswa na kitu. Angekuwa ameniheshimu, angekuwa ametii kiapo chake hata kwa mlango mmoja, baba angekuwa majivu. Hili liliniuma kuliko uongo wenyewe, na bado linaniuma.

Aliniomba twende mama akiwa amelala, abandue kimyakimya, kaka asijue. Nikakataa. Nikamwambia aliyefunika mbele za watu atafunua mbele za watu.

Njiani alikuwa anatunga. Namjua; midomo ilikuwa inacheza. Kisha akanijaribishia. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Mama, kitu cha mzee mimi mkono wangu haukuweza kukibandua. Nilikihifadhi." Akanitazama aone kama kimeingia. Akarudia, safari hii akalegeza sauti kidogo kwenye neno mzee. Mara ya tatu hata mimi nilikaribia kuamini, mimi niliyejua ukweli. Na niseme wazi: sikumkataza. Ulikuwa uongo mzuri. Kwa mara ya kwanza mume wangu alikuwa ametengeneza kitu ambacho kingemfaa mtu. Nikasema moyoni, aseme, mama apate faraja, Mungu atanihukumu mimi.

Kaka alikuwepo, na yule mnunuzi alikuwa anazunguka gari akipiga matairi teke. Nilimwomba asubiri. Nilimtoa mama chumbani kwa kumshika mkono. Alikuja kama mtu anayeitwa kutia sahihi. Kaka akaanza kuuliza kuna nini, mbona tunaharibu biashara. Mume wangu akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akachomeka bisibisi kwenye ukingo wa juu. Ukingo ulimpa kazi kidogo. Alipoumaliza ukingo, kitambaa cha rangi ya maziwa kilishuka chote kwa mkupuo mmoja, bila kushikilia popote, kikalala mapajani kwake.

Chini yake palikuwa na baba. Kitambaa cha majivu kimechakaa, kimeng'aa kwa jasho la miaka, na katikati kile kishimo, na kando ya kishimo uzi mwekundu unakwenda upogo kama mtoto anayejifunza kutembea.

Mama aliuachia mkono wangu. Akaingia, akakaa, akavuta mlango ukafunga. Akaweka kiwiko. Hakikuteleza. Alikaa hivyo, anatazama mbele kupitia kioo, ukuta wa jirani na kamba ya nguo, kama mtu aliye safarini. Kaka alivua miwani. Yule mnunuzi alikuwa na busara kuliko sisi sote. Aliaga kwa kichwa akaenda zake.

Kisha mama akashusha kioo. Akamtazama mkwewe aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Mwanangu," alisema, "ulikiacha kwa ajili yangu?"

Mkono wa Kiwandani ulikwenda kifuani. Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikisubiri lile neno mzee. Alifungua mdomo. Mkono ukakaa pale kifuani, ukakaa, kisha ukashuka wenyewe.

"Hapana, mama," alisema. "Ni uvivu. Kukwangua kunanishinda."

Kaka akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. Ningeweza kumnyonga. Maisha yake yote mwongo, na siku moja ambayo uongo ulikuwa unahitajika kama maji, ndiyo siku aliyochagua kuwa mkweli.

Mama akaanza kucheka. Kwanza mabega tu, kisha mwili wote, mpaka akashika usukani. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, yakatoka tena. Tangu mazishi hatukuwa tumesikia sauti ile.

"Mzee alisema," alisema akipumua kwa shida. "Alisema huyu asiguse gari langu, atalifunika tu na kuondoka. Basi umelifunika. Umemtunzia." Akanyoosha mkono dirishani, akampiga mume wangu begani, pale palipokuwa na unga siku ile. "Inuka, mwanangu. Nenda ukaoge. Na wewe," hii ilikuwa kwangu, "niletee chai yangu huku."

Nilikwenda jikoni nikakipindua kile kikombe. Nilipokuwa nasubiri maji yachemke nilikuwa nalia kwa furaha, na ndani ya furaha kulikuwa na kitu kingine kinachochoma. Nimeishi na mwanamume huyu tangu enzi za koti. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemnunia, nimempikia, nikiomba siku moja tu aniambie jambo kama lilivyo. Ukweli wake wa kwanza alimpa mama yangu, kupitia dirisha la gari.

Mlango wa dereva ulibaki hivyohivyo na kitambaa chake cha zamani. Ile mitatu mingine bado ina kitambaa cha kung'aa, na imeanza kuvimba, na mama amekataza isiguswe, anasema inamchekesha.

Na kama kuna anayedhani mtu hubadilika kwa tukio moja, aje bandani kwetu. Kesho yake asubuhi alikuja dereva wa teksi na milango yake iliyochakaa. Nilikuwa nashona, nikasikia sauti nzuri imerudi mahali pake, mkono kifuani, inamwambia mteja, "Kwangu cha zamani hakibaki, ndugu. Nakwangua mpaka ubao uombe msamaha."

Nikazima cherehani. Nikachukua kikwangulio kilichokuwa kimetundikwa msumarini tangu tulipofungua banda, rangi ya mpini bado mpya, nikamwekea mkononi mbele ya mteja. Kisha nikavuta kigoda, nikaketi kuwaelekea wote wawili. Akanitazama, akamtazama dereva wa teksi, akaanza kukwangua.